Ukweli Usio na Anwani

Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena, maana naona wa nyuma wamejibu huku wanatafuna mandazi.

Baba Askofu, Baba Vikari, wazee wa kanisa, akina mama wa Mothers' Union, wanaume wa KAMA, chama cha wanaume Waanglikana, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnapanga kutoroka: asanteni kwa kunialika. Katibu aliponipigia simu alisema nije nizungumzie ujasiri wa kusema kweli. Nikamwuliza, "Kwani mmekosa mtu mwingine?" Akacheka, akadhani ni unyenyekevu wa wazee. Haukuwa unyenyekevu. Mtanielewa tukifika mwaka wa 1988.

Nina miaka 64, na karibu yote nimeikalia kwenye viti vya kanisa. Nimesikia mahubiri mengi dhidi ya dhambi. "Tuache ufisadi." Amina. "Tuache kudhulumu wanyonge." Amina. Na nimechunguza jambo moja: mahubiri ya namna hiyo, mfisadi mwenyewe huitikia amina kwa sauti kuliko wote. Kwa nini asiitikie? Hajatajwa. Mhubiri ameandika barua nzuri sana, ameitia kwenye bahasha, ameibandika stempu, lakini bahasha haina anwani. Barua hiyo itazunguka posta mpaka ichakae, na hakuna mlango itakaoubisha.

Ukweli wa namna hiyo haugharimu kitu. Unaogharimu ni ule wenye anwani.

Mnaikumbuka hadithi ya Nathani na mfalme Daudi. Nathani anaanza na kisa cha tajiri mwenye mifugo tele aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi anawaka hasira, anaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa. Ebu tusimame hapo kidogo. Mpaka hapo Nathani yuko salama kabisa. Angeweza kusema, "Ahsante mfalme kwa kutusikiliza," akanywa maji, akarudi kwake akiwa amehubiri vizuri juu ya dhuluma. Lakini akaongeza maneno manne: "Wewe ndiwe mtu huyo." Gharama yote ya unabii imo katika maneno hayo manne.

Sasa niwapeleke kwa watu wa kwetu.

Machi 1975, mwili wa J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ulipatikana katika milima ya Ngong. Kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa inaulizana yuko wapi, na wakubwa wanajibu kila mmoja lake. Wakati huo David Gitari alikuwa bado hajawa askofu; alikuwa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, na akawa na zamu ya kuongoza ibada katika redio, Sauti ya Kenya. Angeweza kusoma Zaburi ya 23, nchi ikafarijika, kila mtu akaenda kazini. Yeye akafungua Mwanzo sura ya 4, habari za Kaini na Habili. "Yuko wapi Habili ndugu yako?"

Nilikuwa na miaka 14. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani, tena mpenzi mkubwa wa idhaa ya Kiingereza. Redio yetu ilikuwa ya betri, imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu kifuniko cha nyuma kilipotea. Siku moja wiki zile nilimwona baba akinyoosha mkono akapunguza sauti. Akatazama dirishani. Kisha akairudisha sauti juu, kidogo tu, akainama sikio likawa karibu kugusa redio. Sikuelewa Kiingereza cha mhubiri. Nilichoelewa ni mkono wa baba: kwamba kuna Neno la Mungu ambalo mtu hulisikiliza akiogopa majirani.

Gitari hakutaja jina la mtu. Alisoma Biblia tu. Lakini aliisoma siku ambayo swali la Mungu na swali la wananchi lilikuwa swali lilelile, kwa hiyo barua ikafika. Wakubwa wa redio walimwita ajieleze. Mwaka huohuo akawekwa wakfu kuwa askofu wa Mlima Kenya Mashariki, na huko akaendelea na mtindo wake: anachukua sura ya Biblia, anaipitia mstari kwa mstari polepole kama mtu anayechambua mchele, na wewe msikilizaji ndiwe unayeona mawe. Juni 1987, mjini Nyeri, alihubiri Danieli 6: jinsi wakubwa wa ufalme walivyomjia mfalme Dario na sheria ya haraka haraka, wakamsifu mpaka akaitia sahihi, kisha sheria hiyohiyo ikamfunga mfalme mwenyewe mikono. Kenya ilikuwa imetoka kubadilisha katiba yake kwa haraka hiyohiyo. Wanasiasa walikasirika kwelikweli! Ukiuliza ni nani aliyetajwa, jibu ni Dario, wa Umedi na Uajemi.

Vijana, hapa niwaeleze kitu kinachoitwa mlolongo, maana hamkukikuta. Mwaka 1986 KANU, iliyokuwa chama pekee, iliamua kwamba uteuzi wa wagombea usifanywe tena kwa kura ya siri. Wanachama watapanga foleni nyuma ya wakala wa mgombea, aliyeshika picha yake, watahesabiwa vichwa, na basi. Mgombea aliyepata asilimia 70 na zaidi kwenye mstari anakuwa amepita bila kupingwa. Wachungaji wa NCCK, baraza la kitaifa la makanisa, walipinga tangu mwaka huohuo. Walisema muumini atapangaje foleni dhidi ya mtu anayemkopesha, au anayemwajiri, au dhidi ya mzee wa kanisa lake, na kesho waketi meza moja ya Bwana? Hawakusikilizwa.

Februari 1988 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka miwili ya ndoa na mtoto mmoja. Foleni zilipangwa kwenye uwanja wetu wa mpira. Nilitoka nyumbani nikijua ninayemtaka, kadi ya chama iko mfukoni, nikaenda nikasimama nyuma ya picha yake. Mstari wetu ulianzia goli moja ukapita goli la pili ukaingia kwenye shamba la mahindi la shule. Ule mwingine haukufika nusu ya uwanja. Mbele yangu alisimama nyanya mmoja aliyekuwa akiuza njugu karanga sokoni. Tukawa tunazungumza habari za mvua.

Kisha chifu akapita na daftari. Hakusema neno. Alikuwa anatembea polepole kando ya mstari wetu, anatazama nyuso, anaandika, anatazama, anaandika. Wiki moja kabla, mwalimu mwenzangu alikuwa amepata barua ya uhamisho ya ghafla kwenda mbali, na kila mtu alijua mdomo wake ndio uliomhamisha. Chifu alipobakiza watu kama kumi anifikie, miguu yangu ilinitoa. Sisemi niliamua. Miguu ilitoka tu, ikavuka uwanja, ikasimama kwenye mstari mfupi.

Yule nyanya akageuka, akaniita kwa sauti ambayo uwanja mzima ulisikia: "Mwalimu! Umepotea mstari!"

Watu wakacheka. Alidhani nimekosea kweli, au alijua, mimi mpaka leo sijui. Nilitazama viatu vyangu. Baadaye hesabu ikatangazwa: mstari mfupi umeshinda. Tena kwa wingi! Mnacheka, na sisi wengine tulicheka siku ile, kicheko cha mtu aliyepigwa kofi hadharani. Kwa hiyo oneni uzuri wa biashara yangu: niliuza kura yangu kuokoa kazi, na kura yenyewe haikuwa na maana, kwa sababu matokeo yaliandikwa kabla sijafunga kamba za viatu. Woga wangu haukununua chochote. Yule nyanya, ambaye hakuwa na mshahara wa kupoteza ila meza ya njugu, alibaki palepale mahindini mpaka jioni.

Jarida la Kikristo la Beyond, la NCCK, lilichapisha habari za wizi wa uchaguzi ule. Likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo cha miezi 9, na mashtaka hayakuwa kwamba amesema uongo. Yalikuwa kwamba hakuwasilisha hesabu za mauzo ya jarida kama sheria inavyotaka. Vijana mnaotaka kusema kweli, tunzeni risiti zenu. Atakayekutafuta hataanzia kwenye ukweli wako, ataanzia kwenye makaratasi yako.

Na Gitari? Aliendelea kukemea wizi wa kura kule Kirinyaga. Usiku wa tarehe 21 Aprili 1989 genge la watu lilivamia nyumba yake kijijini. Askofu alipanda juu ya paa akapiga mayowe. Hebu lione jambo hilo kwa macho: askofu mzima, usiku wa manane, juu ya paa la nyumba yake mwenyewe, analia kama kila mwananchi anavyolia akivamiwa, na wanakijiji wanatoka gizani kumjia. Ninapenda picha hiyo kuliko picha yake akiwa na fimbo na kofia ya kiaskofu. Kwa sababu mtu humwitikia anayemjua. Askofu aliyezoea kunyamaza, nadhani angelia mpaka sauti ikauke, majirani wakageukia ukutani wakalala.

Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini na Mchungaji Timothy Njoya wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri, siwezi kuwamaliza leo. Njoya alisimama Januari 1, 1990, katika kanisa la St Andrew's, Nairobi, serikali za chama kimoja za Ulaya Mashariki zikiwa zimetoka kuanguka, akauliza za kwetu zitadumu mpaka lini. Wanasiasa walitaka afungwe. Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikaondolewa kwenye katiba, na baadhi ya waliotaka afungwe walianzisha vyama vyao.

Lakini Alexander Muge lazima nimtaje, kwa sababu bei yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Muge alikuwa askari wa GSU, kikosi maalumu cha polisi, kabla ya kuwa mchungaji, na nadhani ukakamavu ule haukumtoka. Alikuwa askofu wa Eldoret. Hakuwa mtu wa kundi. Aliwahi kugombana hadharani hata na wenzake wa NCCK, kwa hiyo msidhani manabii hukubaliana. Alisema kuhusu njaa ya Pokot wakati ambapo kusema kuna njaa kulikuwa kuiaibisha serikali. Alisema kuhusu unyakuzi wa ardhi. Agosti 1990 waziri Peter Okondo alitangaza kwamba Muge na Okullu wakikanyaga Busia wataona moto, na huenda wasitoke hai. Muge akajibu kwamba atakwenda, na kwamba damu yake isiyo na hatia itamwandama waziri. Tarehe 14 Agosti alikwenda Busia, akahudumu, akaimba na watu. Akirudi Eldoret, gari lake likagongana na lori, akafa barabarani. Waziri alijiuzulu. Dereva wa lori alifungwa, akafia gerezani. Miaka mingi baadaye, mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, aliyekuwa afisa wa polisi alidai kwamba yale hayakuwa ajali. Hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha hivyo, na mimi sitajifanya hakimu. Ninachojua ni kwamba asubuhi ile alikuwa na sababu nzuri sana ya kubaki nyumbani.

Jirani zetu Waganda wana habari kama hii. Februari 1977 askari wa Idi Amin waliingia usiku katika nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum kutafuta silaha. Maaskofu wakakaa, wakamwandikia Amin barua. Hawakuandika kwamba "Kanisa lina wasiwasi kuhusu hali ya usalama nchini." Waliandika kuhusu bunduki ambayo mdomo wake ulikandamizwa kwenye tumbo la askofu mkuu, na kwamba bunduki hiyo imeelekezwa kwa kila Mkristo. Barua ina tumbo ndani yake! Tumbo la mtu anayejulikana. Barua ile ilikuwa ya tarehe 10 Februari. Tarehe 16 Luwum aliuawa. Redio ya serikali ikasema ni ajali ya gari. Walioona mwili wake waliona matundu ya risasi.

Basi mzee, mtaniuliza, leo unatuambia tukafe? Hapana. Leo hakuna daftari la chifu, au niseme lipo lakini limebadilika umbo. Nataka kuwaambia kuhusu kitu kilichonishinda kuliko daftari.

Miaka mingi baada ya mlolongo nilichaguliwa mtunza hazina wa parishi. Mgeni mmoja, sitamtaja na msimtafute, alitujia kwenye harambee ya paa. Alileta mabati mia moja na fedha taslimu. Nilizihesabu mwenyewe pale vestri, chumba cha kando cha kanisa, noti mpya zilizogandana mpaka nikawa nalamba kidole kuzitenganisha. Tulimpa maikrofoni. Alihubiri kuliko mhubiri, akaondoka kabla ya Ushirika Mtakatifu.

Miezi miwili baadaye dawa za zahanati yetu zikapotea, na njia ya dawa hizo ilipita mlangoni kwa watu wa mgeni wetu. Vikari wetu alikuwa kijana, damu inachemka. Alinionyesha mahubiri aliyoandika: tarehe, idadi ya maboksi, jina la mtoto aliyerudishwa bila dawa ya malaria. Yalikuwa na anwani, tena na namba ya mlango. Nikamwambia, "Baba, si tungengoja kidogo? Paa halijaisha."

Akangoja. Paa likaisha. Mwisho wa mwaka akapewa uhamisho, na yale mahubiri hayakuhubiriwa.

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu alipita, na kifuniko nilikitoa mimi. Na angalieni tofauti: mwaka 1988 niliogopa, na nilijua naogopa, nilitazama viatu. Mara hii sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa nashukuru. Nilijiona mwenye hekima na mtunza hazina mwema. Hofu humjulisha mtu kwamba amekosea. Shukrani humpapasa mgongo akalala.

Mfalme Ahabu alikuwa na manabii mia nne, na wote walimwambia apande vitani atashinda. Mmoja tu, Mikaya, alisema kinyume, akafungwa na kulishwa chakula cha shida na maji ya shida. Nilikuwa nikiisoma sura ile nikidhani wale mia nne ni waongo waliojua wanadanganya. Siku hizi nadhani wengi wao walikuwa watunza hazina.

Kwa hiyo Septemba 2021, Askofu Mkuu wetu Jackson Ole Sapit aliposema kwenye ibada kule Butere kwamba wanasiasa hawatapewa tena mimbari, wapo walioona ni jambo la utaratibu wa ibada. Mimi nilikumbuka kidole nilichokilamba vestri. Na Novemba 2024, baada ya maaskofu Wakatoliki kutoa taarifa iliyotaja kodi, hospitali na utamaduni wa uongo serikalini, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha ambazo Rais alitoa kwenye parokia ya Soweto, Kayole, zirudishwe. Najua mtunza hazina wa mahali fulani hakulala usiku ule. Ningependa kumshika mkono.

Nyinyi vijana mlitutangulia. Juni 2024, mlipoandamana kupinga kodi, mlituuliza, tena kwa maneno makali, kwa nini wanaopitisha kodi huketi viti vya mbele kanisani. Kisha baadhi ya wenzenu wakatekwa na magari yasiyo na namba, na mama zao wakawa wanazunguka vituo vya polisi na picha mkononi. "Yuko wapi ndugu yako?" Nilijiuliza Jumapili zile ni kanisa gani lingefungua Mwanzo 4 na kuisoma polepole. Yapo yaliyofungua. Letu lilikuwa na Jumapili ya shukrani.

Wakati wangu umekwisha, Katibu ananionyesha saa. Kuna jambo moja la parishi, Baba Askofu uniruhusu nilisemee hapa kwa sababu wazee wote wapo. Jumapili ijayo tuna harambee ya ukumbi. Programu imeshachapwa, nimeiona, iko kwenye boksi chini ya meza ya chai. Jina la mgeni wa heshima lipo kati ya wimbo wa pili na mahubiri, na pembeni mtu ameandika "dakika 20". Mhubiri amepewa 15. Wazee wa kanisa tukutane vestri saa kumi, kabla mtu hajaondoka. Mimi nitakuja na kalamu.